Wiski Iliyoletwa Kumposea Dada Yangu

Mwaka jana tulimzika dada yangu kisiwani Bumbire, kwenye kijiji alichoolewa. Siku ya tatu ya matanga, shemeji mmoja wa huko alisimama ili atuchangamshe, akasimulia jinsi mimi nilivyopewa wiski ya Kimarekani siku ya posa, nikalia machozi kwa utamu wake, nikawaambia wageni, "Mchukueni binti, chupa imetosha." Watu walicheka. Watoto wa marehemu, ambao walikuwa hawajatabasamu tangu tuvuke ziwa, walicheka mpaka wakajifuta macho. Nami nikacheka kidogo. Kwenye msiba humsahihishi mtu aliyewachekesha wafiwa.

Lakini haikuwa hivyo, na dada angekuwa hai angemkatiza kabla hajafika kwenye chupa. Kwa hiyo naiandika hapa ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo sikufanya vizuri.

Shule yangu ni fupi. Mwaka wa Uhuru nilikuwa darasa la nne, kijana mrefu kuliko mwalimu, na darasa hilo ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Nchi ilipata uhuru, mimi nikapata jembe. Tulikaa upande wa Rubya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa ambacho baba alikirithi kwa baba yake. Mbali na kulima, baba alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemlipa: alikuwa mwonjaji.

Kwetu, pombe ya posa haikumiminiwa wazee kabla mtu mmoja wa upande wa binti hajaionja na kusema neno lake mbele ya wote. Pombe yenyewe ilikuwa rubisi, ya ndizi na mtama. Ikiwa imegeuka siki, ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, ikiwa mtama wake haukukaangwa ukaiva, mwonjaji alisema palepale, na wageni walirudi nayo kwao. Wazee walifikiri kwamba anayeleta pombe mbovu siku anayoomba mke hataleta kitu cha maana siku akishampata. Baba alikuwa akiishikilia rubisi mdomoni mpaka watu wanaanza kukohoa kwa wasiwasi, kisha anameza, anatazama paa, ndipo anasema. Alisema kweli kwa tajiri na kwa maskini. Hata kijana wa kwanza aliyekuja kumposa dada, baba mwenyewe alimrudisha na vibuyu vyake vinne, kwa sababu pombe ilikuwa na ladha ya mfuko wa mbolea.

Baba alikufa masika yaliyofuata kwa ugonjwa wa kifua. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume mkubwa. Nilirithi kibanja, baiskeli isiyo na breki, na kazi ya kuonja.

Sikuwa nimefundishwa mengi, ila ulimi wa kusema uongo sikuwa nao. Miaka hiyo ya ujamaa tulikuwa na shamba la kijiji, na siku moja alikuja mgeni kutoka wilayani kuuliza maharagwe ya kijiji yanaendeleaje. Wenzangu walisema yamestawi. Mimi nikasema yaliyostawi ni magugu, na kwamba maharagwe mengine nimeyapanda mwenyewe siku ya zamu yangu, tena vibaya, kwa kuwa nilikuwa nafikiria kahawa yangu. Tangu siku hiyo wageni walipokuja nilitumwa kuni.

Miezi michache baada ya mazishi, kijana wa tatu akatuma salamu kwamba anakuja kumposa dada. Alikuwa mvuvi wa Bumbire. Walikuwa wamefahamiana kwenye mnada, dada akiuza ndizi na yeye akiuza furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta dada jikoni akimenya ndizi, kisu kikienda haraka kuliko kawaida.

"Kaka, leo utasema nini?"

"Sijaonja bado."

"Sikuulizi umeonja nini. Nakuuliza utasema nini."

"Nitasema kitakachokuwa mdomoni."

"Mungu wangu! Na kikiwa kibaya?"

"Nitakisema taratibu."

Aliweka kisu chini. "Nisikilize. Nina miaka ishirini na minne. Niliosoma nao wana watoto wanaokwenda shule. Wa kwanza baba alimrudisha. Wa pili alisikia habari za wa kwanza, akageuza njia akaenda kuposa Karagwe. Huyu ni wa tatu, na amevuka ziwa. Huyu akirudi, hakuna wa nne. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi utasema nini?"

Nikasema nitaona. Alinirushia ganda la ndizi, likanipata sikioni.

Sebuleni tulikuwa tumetandika majani mapya, na wazee wetu walikuwa wamekaa juu yake tangu mapema: baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo sasa, shangazi, ambaye alisema kuliko msemaji, na balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekaa karibu na mlango kwa sababu ya cheo. Wageni walifika wanaume sita wenye makoti. Mbele yao alitembea mjomba wa kijana. Huyu alikuwa mpishi wa Wazungu mjini Bukoba, mwenye nyumba yake Kitendaguro, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli. Mkononi alikuwa na kikapu kimoja kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe, akikibeba kama padri anayempelekea mgonjwa komunio.

Salamu zilipokwisha, baba mdogo alichungulia nje, akitafuta vibuyu.

"Wengine wako nyuma na mzigo?"

"Hakuna wengine, waitu," alisema mpishi, kwa lile neno letu la heshima. "Tumefika wote."

"Na pombe?"

Mpishi alifunua kitambaa. Ndani kulikuwa na kifurushi cha gazeti. Alilifungua gazeti ukurasa mmoja mmoja, akalikunja, akaliweka kando, akasimamisha chupa katikati ya majani. Nje kuku alipiga kelele kwa sababu zake mwenyewe.

"Wakwe zetu," mpishi akaanza, "kisiwani kwetu migomba ni ya kutafuta. Tungeleta rubisi ya kununua, mngesema hatukutoka jasho. Tungeitengeneza kwetu, mtumbwi ungeitikisa, ikifika hapa ni siki. Nikasema, hapana, hawa ni watu wazito, wapelekewe kitu kizito. Hii ni wiski ya Marekani. Inaitwa bourbon. Bosi wangu alipohama alinikabidhi kwa mikono yake miwili. Kwao hii hunywewa na marais."

Sikujua kama alikuwa anadanganya au alidanganywa. Kwenye karatasi ya chupa kulikuwa na mzee mwenye kofia pana amepanda farasi, na herufi za dhahabu zilizoanza kubanduka. Kifuniko kilikuwa cha bati jepesi, kama cha dawa ya kikohozi. Niliona lile bati, nikawa na wasiwasi. Mtu aliyejali kilichomo chupani angetafuta kifuniko kizuri zaidi.

Balozi alijongea. "Samahani, waitu. Hii si gongo?"

"Gongo ina karatasi?" aliuliza mpishi.

"Haina."

"Hii ina karatasi."

Balozi alirudi mahali pake ameridhika kabisa.

Baba mdogo alikuwa bado anahesabu watu kwa macho, kisha chupa, kisha watu tena. Mpishi akatoa gilasi mbili kutoka kwenye mfuko wa koti, na hapo shangazi akainuka.

"Weka gilasi zako. Hatuposwi baa hapa. Pombe ya posa inanywewa kwenye kibuyu cha nyumba, na mwenye nyumba alikuwa nacho."

Aliingia ndani, akarudi na kibuyu cha baba. Kilikuwa kimetundikwa juu ya jiko tangu tulipomzika, na hakuna aliyekigusa. Alifuta vumbi nje kwa kanga yake. Ndani hakuosha. Kibuyu kama kile hakikuoshwa kwa sabuni hata mara moja katika maisha yake. Kilisuuzwa kwa rubisi mpya na kufukizwa moshi. Alimimina nusu ya chupa humo, akachomeka mrija, akaniwekea mapajani. Mwingine akanipa punje za kahawa za kutafuna kwanza, kama ilivyo desturi.

Sasa, sisi tulijua njia moja tu ya kunywa kwa mrija, nayo ni kuvuta. Unajaza mdomo mzima, unatulia nayo. Hakuna aliyetuambia kwamba wiski haivutwi. Nikavuta kama ninavyovuta rubisi.

Moto ulikuja kwanza. Sitaueleza, walioungua wanajua. Masikio yalinizibuka, macho yakajaa maji. Lakini sikutema, kwa sababu chini ya ule moto kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho nilikifahamu. Kulikuwa na moshi wa jiko letu. Kulikuwa na ndizi zilizoiva shimoni, na mtama mwekundu uliokaangwa polepole na mtu asiye na shughuli nyingine siku hiyo. Ilikuwa ni rubisi ya baba, ya miaka yote, imelala kwenye kuta za kibuyu, na sasa imeamshwa. Tangu mazishi nilikuwa sijalia. Nilikuwa na kahawa ya kuchuma na watu wa kuwalisha. Basi nikalia hapo, mrija mdomoni, mbele ya wageni sita wenye makoti.

Kwa hiyo yule shemeji hakusema uongo kuhusu machozi. Alikosea tu yalikotoka.

"Vipi?" baba mdogo aliuliza kwa upole.

"Ni nzuri," nikasema. Kisha, kwa kuwa mwonjaji lazima atoe sababu, nikaongeza: "Mtama wake umekaangwa vizuri sana."

Mpishi alipiga makofi. "Mmesikia! Mnaona mtu anayejua!" Shangazi alipiga kigelegele, na kutoka jikoni nikamsikia dada akikiitikia, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi. Halafu akaanza kuimba.

Kibuyu kikachukuliwa kwa baba mdogo. Alivuta, akashika goti la jirani yake, akasubiri roho irudi. Ilipomrudia alisema, "Kweli ni nzito," kisha, ili kuonyesha kwamba anaweza bado kuzungumza, akamuuliza mpishi, "Marekani wanatumia mtama gani, mwekundu kama wetu?"

Mpishi akaichukua chupa, akaisogeza mbali na macho, akasoma. "Hapa wameandika mahindi, waitu."

"Na mtama?"

"Mtama hawakuutaja."

Baba mdogo aliridhika na jibu. Mimi sikuridhika. Mahindi hayawezi kutoa ladha ya mtama, hata yakivuka bahari. Nilikuwa nimeonja kibuyu. Pombe yenyewe nilikuwa sijaionja.

Ningeweza kukaa kimya. Nilikaa kimya kwa muda wa kutafuna punje tatu za kahawa. Jikoni dada alikuwa anaimba ule wimbo wa watoto wa kufukuzia ndege shambani, tena vibaya, kama alivyoimba siku zote akiwa na furaha. Punje ya kwanza nilijiambia, wameshapokea, basi. Ya pili nikajiambia, baba asingejua. Ya tatu nikakumbuka kwamba neno nililosema halikuwa langu kulitoa hovyo, lilikuwa la baba. Ingekuwa shida yangu peke yangu, pengine ningelimeza. Sijui. Nikasimama.

"Wazee, samahani. Nimekosea."

"Umekosea nini?" aliuliza baba mdogo.

"Nilionja kibuyu cha baba. Pombe bado."

Shangazi akanitazama kana kwamba nimetoka bila suruali. "Kaa chini, mtoto."

"Nitakaa, shangazi, nikishaonja."

Wimbo jikoni ukakatika.

Nilimwomba mpishi moja ya zile gilasi zake, naye akanipa akiwa anatabasamu, maana bado aliamini marais. Nikasuuza mdomo kwa maji, nikatafuna kahawa mpya, nikamimina kidogo kutoka chupani. Mara hii nilinusa kwanza.

Ilinuka mlango mpya uliopakwa vanishi jana. Nyuma ya mlango kulikuwa na sukari iliyoungua kwenye sufuria, na nyuma ya sukari, kwa mbali, biskuti za watawa. Nikaonja, tone tu, nikaliacha ulimini. Mahindi yalikuwepo, na nayasifu, yalikuwa mahindi mazuri, kama hindi la kuchoma ambalo mchomaji alilisahau upande mmoja. Kisha ukaja ubao, ule wa pipa ilimohifadhiwa. Sisi tunakamulia ndizi kwenye mtumbwi wa mti, tunajua jinsi pombe na ubao vinavyozoeana: mtumbwi wa zamani hauingilii mazungumzo. Huu ulikuwa ubao mbichi, uliolazimishwa kutoa rangi kabla haujawa tayari, nao ulilalamika. Kooni haikuteremka, iligombana na kila ilichokuta njiani. Na baada ya kumeza, pale ambapo rubisi nzuri inakusindikiza mpaka nyumbani, hii iliondoka yote mara moja ikaniacha kama mtu aliyekuwa ananyonya ufunguo.

Ili nisiionee, nilitia maji kidogo, kama baba alivyofanya kwa rubisi iliyokaza. Ikalegea. Ikatoa harufu ndogo ya ndizi mbivu, ya aibu aibu, na hapo niliihurumia.

"Haya sema," alisema baba mdogo.

"Haijaharibika, na haina uchafu," nikasema. "Nafaka yake ni nzuri. Lakini aliyeitengeneza alikuwa na haraka, na haraka yake akaifunika kwa sukari iliyoungua. Baba asingeipokea."

Mpishi alisimama. "Wewe umewahi kufika Marekani?"

"Sijafika hata Mwanza."

"Sasa unajuaje pombe ya Marekani?"

"Sikuifuata, waitu. Imekuja yenyewe."

"Nimewapikia Wazungu miaka kumi na miwili!"

"Na hii uliionja?" aliuliza balozi kutoka mlangoni. Aliuliza kwa nia njema kabisa.

Mpishi akaitazama chupa. Baba mdogo akammiminia kwenye ile gilasi ya pili. Huyu alikuwa mpishi kweli, si wa kujisingizia, na ulimi wake ulikuwa na kazi ya kila siku. Alionja. Tulimtazama. Alifumba jicho moja, akalifumbua, akafumba lingine.

"Ina..." akasema. "Ina nguvu."

Wa kwanza kucheka alikuwa kijana mwenyewe, yule mvuvi, ambaye tangu aingie alikuwa ametazama magoti yake kama desturi inavyomtaka. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, ikashindikana. Kisha tukacheka wote, hata mpishi, ingawa yeye alicheka kwa mdomo tu.

Lakini kicheko kilipokwisha, neno lilikuwa bado pale. Pombe ya posa ilikuwa imeonjwa na kukataliwa. Mpishi alianza kulikunjua lile gazeti ili afunge chupa yake. Wageni wakatafuta kofia zao. Kijana aliinuka mwisho, na nilimwona anatazama mlango wa jikoni.

Mlango ukafunguka, dada akatoka. Binti hatoki. Alitoka na mikono yake ina utomvu wa ndizi mpaka kwenye viwiko, akasimama katikati ya majani, karibu na chupa.

"Kaka."

"Naam."

"Uliulizwa pombe. Mume hukuulizwa."

"Ni kweli."

"Basi waambie na hilo."

"Siwezi kusema chochote," nikajibu. "Mume sijamwonja."

Sikukusudia kuchekesha. Nilimaanisha simjui. Lakini balozi alianguka ubavu kwenye majani, na mmoja wa wageni alilazimika kutoka nje. Dada hakucheka. Nikajua kwamba nimefanya jambo ambalo huenda silirekebishi tena.

"Huyu hajui rubisi kwa sababu kwao hakuna ndizi," akasema, sasa akiwaambia wazee wote. "Kaka yangu naye alikuwa hajui. Baba alimfundisha hapa hapa, na alikuwa mzito wa kufundishika, mimi nilikuwepo. Amfundishe na huyu. Atengeneze kwenye mtumbwi wetu, kwa ndizi zetu, kwa miguu yake. Siku kaka atakapoipokea, naolewa. Asipoipokea, nitakaa hapa nimpikie mpaka nife, na nitampikia vibaya."

Wazee walitazamana. Haikuwahi kutokea mkwe akatengenezea pombe yake kwa wakwe.

"Kuna mila inayokataza?" baba mdogo alimuuliza shangazi.

Shangazi alifikiri. "Hakuna. Lakini ni kwa sababu hajawahi kutokea mjinga wa kuiomba."

Ikapita hivyo. Na kwa kuwa wageni walikuwa hawaondoki tena, ile wiski ilinyweka jioni ile yote, kutoka kwenye kibuyu cha baba, ambamo kila mtu alikubali kwamba ilikuwa nzuri. Mpishi ndiye aliyenyonya mrija wa mwisho.

Chupa tupu ilibaki kwetu. Nilipokwenda hospitali kwa jino, niliichukua nikamwonyesha daktari mmoja Mzungu, mtu mwenye subira, nikamweleza kwa Kiswahili chake na changu jinsi nilivyoiona. Vanishi, sukari, ubao, ufunguo. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwao wiski hupangwa dukani kwa ngazi, nzuri juu, ya kawaida usawa wa macho, na hii huwekwa ubao wa chini kabisa, karibu na sakafu, mtu huinama kuichukua na hutazama kwanza kama kuna anayemwona. Nilifurahi kusikia hivyo, sitaficha. Nilirudi nyumbani nikiwa na jino moja pungufu na kichwa kikubwa. Nikamwambia dada. Akasema, "Hongera. Je, mume wangu yuko wapi?"

Mume wake alikuwa shimoni, akifukia ndizi. Alihamia kwa balozi, akawa anakuja kila asubuhi. Mkungu wa kwanza wa kazi yake ulikuwa balaa. Alikanyaga ndizi kama anayesukuma mtumbwi kutoka mchangani, kwa mgongo na miguu yote, mpaka maganda yakatoa uchungu wake. Akafunika vibaya. Kesho yake tulikuwa na siki ya kutosha kijiji kizima. Nikaonja, nikasema, "Hapana," na yeye akasema, "Hata mimi nimeona." Hapo nikaanza kumpenda.

Wa pili ulikaribia. Ulikaribia sana. Nilikaa na pombe yake mdomoni mpaka watu wakakohoa, na najua jikoni kulikuwa na mtu aliyesimama nyuma ya mlango. Mtama ulikuwa umeungua upande. Nikasema, "Bado." Dada hakusema nami siku nne. Chakula changu kilikuja baridi, na siku moja kilikuja bila chumvi, kisha chumvi ikaletwa baada ya kumaliza.

Kijana hakulalamika. Alikuja akaketi karibu nami mkutanoni, wakati mwenyekiti akieleza mipango ya kijiji, akaninong'oneza, "Shemeji, mtama niutoe motoni lini?" Nikamwambia autoe unapoacha kunuka unga na kuanza kunuka mkate. Akasema mkate hajaunusa mara nyingi. Nikamwambia basi aweke pua kando, asikilize. Mtama ulioiva huacha kudunda kwenye kikaango. Alielewa kwa sikio haraka kuliko kwa pua. Labda ni kwa sababu ya ziwa. Wavuvi husikiliza maji.

Mara ya tatu wazee walikaa tena kwenye majani mapya, na mpishi akaja kutoka Kitendaguro mikono mitupu, kwa makusudi, akatuonyesha viganja vyote viwili mlangoni. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Nilikataa kibuyu. Nikamiminiwa kwenye gilasi, nikaonja.

Ilikuwa pombe ya mtu aliyejifunza ukubwani. Mbele haikuwa na mwili wa kutosha. Mtu aliyezaliwa migombani angeikamua nzito zaidi. Lakini ilikuwa safi, mtama ulikuwa umeacha kudunda kwa wakati wake, na nilipomeza ilibaki. Nikangoja iondoke. Haikuondoka. Nikangoja tena, kwa kuwa nilikuwa nimeshakosea mara moja mbele ya watu haohao.

"Unaipokea au huipokei?" alisema baba mdogo. "Wengine tuna kiu."

"Ni nyepesi," nikasema. Nikamsikia mtu jikoni akivuta pumzi. "Mbele ni nyepesi. Naipokea."

Kigelegele cha shangazi hakikuwa kimefika mwisho wakati dada alipotoka, bila kuitwa, kwa mara ya pili. Hakunitazama usoni. Alichukua gilasi mkononi mwangu, akanywa kilichobaki, akakishikilia mdomoni muda mrefu, akitazama paa, mpaka wageni wakaanza kukohoa. Akameza.

"Ni nyepesi kweli," akasema, kisha akaenda akakaa upande wa watu wa kisiwani.